Tupime tendo au tupime kanuni? Ulinganisho wa njia mbili za falsafa ya manufaa

Alasiri moja ya msimu wa kusi, boti ya kwenda Mokowe ilikuwa imejaa kwenye gati la mji wa Lamu. Idadi ya abiria, watu 15, ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni mwa chombo, na majaketi ya kuokolea 15 yalikuwa yote yamekwisha kuvaliwa, ndipo alipofika mama mmoja mtu mzima, bahasha ya picha za eksirei kwapani, akiwahi basi la Mombasa ambako kesho yake asubuhi alikuwa na miadi na daktari. Baharia kijana alimtetea: "Nahodha, mchukue mama yetu. Mtu mmoja hazamishi boti." Nahodha hakugeuza hata shingo. "Mwanangu," alisema, "kula siku ni mmoya tu." Kwa Kiamu, kila siku ni mmoja tu.

Nimeyakumbuka majibizano hayo mara nyingi, kwa sababu kila mmoja alisema kweli. Kijana alipima tendo moja: abiria huyu, bahari hii, alasiri hii. Nahodha alipima mazoea, akijua kwamba ruhusa ya leo ndiyo itakayotajwa kesho na mwingine mwenye shida kama hiyo au ndogo kuliko hiyo. Wote wawili walitaka watu wafike salama na mwenye dharura asaidiwe, na bado hawakukubaliana. Hapo ndipo yalipoachana matawi mawili ya falsafa ya manufaa, ambayo wataalamu huiita yutilitarianizimu: tawi linalopima tendo na tawi linalopima kanuni. Makala haya yanamlenga msomaji anayezielewa hoja za pande zote mbili, awe mwanafunzi, mwalimu, mjumbe wa kamati au mtu anayependa mjadala wa barazani, lakini hajui aegemee wapi.

Ndugu wa shina moja

Jeremy Bentham, Mwingereza aliyeishi kati ya 1748 na 1832, alifundisha katika kitabu alichokitoa mwaka 1789 kwamba tendo jema ni lile linaloongeza furaha na kupunguza maumivu ya wote linaowagusa. Aliweka hata vipimo saba: ukali wa raha au maumivu, muda wake, uhakika wake, ukaribu wake, uwezo wake wa kuzaa raha nyingine, usafi wake kwa maana ya kutochanganyika na kinyume chake, na idadi ya watu wanaofikiwa. John Stuart Mill, Mwingereza mwenzake, aliitetea falsafa hiyo mwaka 1861 kwa namna ambayo wasomaji bado wanaigombania; J. O. Urmson aliandika mwaka 1953 kwamba Mill alikuwa mtu wa kanuni, na wapo waliomkatalia. Mwaka 1956 J. J. C. Smart, aliyekuwa akifundisha Adelaide nchini Australia, alizitenganisha njia hizo waziwazi na kusimama upande wa tendo. Majina yanayotumika leo yaliletwa mwaka 1959 na Richard Brandt wa Marekani, ambaye moyo wake ulikuwa upande wa kanuni.

Mambo mawili huwapotosha wanaoanza. La kwanza, mtu wa kanuni katika mjadala huu si mfuasi wa Immanuel Kant, anayeshika wajibu hata pale ambapo haumfaidii yeyote. Kanuni anazozitetea hupata hadhi kwa sababu ya matunda yake, na kanuni isiyo na matunda aiache. La pili linawahusu zaidi wasomaji wa huku kwetu, ambao neno maslahi wamelisikia darasani na msikitini tangu utoto. Wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, wamelijadili maslahi kwa kina kikubwa, lakini kwao hupimwa ndani ya mipaka ya sheria iliyoteremshwa, ilhali Bentham na wenzake waliyafanya manufaa kuwa mizani ya mwisho. Kufanana kwa maneno kusimfanye mtu adhani kwamba msingi ni mmoja.

Vigezo

Nimezilinganisha njia hizi kwa maswali sita: zinamtaka mtu ajiulize nini, zinahitaji muda na ujuzi kiasi gani, zinalinda vipi imani baina ya watu, zinamfanyia nini mtu asiye na hatia anaposimama katika njia ya faida ya wengi, zinafanya nini jambo la nadra linapotokea, na zinamtwisha mtu mzigo mkubwa kiasi gani. Vigezo hivi havina uzito sawa. Cha nne na cha tano ndivyo vilivyowahamisha watu wengi kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo nitakaa navyo zaidi.

Swali linaloulizwa

Mtu wa tendo ana swali moja: kati ya yote ninayoweza kuyafanya sasa, lipi litawafaa zaidi wote watakaoguswa? Mtu wa kanuni ana maswali mawili yanayofuatana: kanuni gani, ikikubaliwa na kushikwa na watu kwa jumla, ingewafaa zaidi, na je, tendo hili linaruhusiwa na kanuni hiyo?

Tuchukue mvuvi anayepiga mbizi kutafuta kamba mawe. Anaibuka na mmoja mkubwa, anamgeuza, na chini ya mkia anaona mayai yamebanana kama punje za rangi ya chungwa. Mnunuzi anangoja ufukweni, na karo ya mtoto imechelewa. Kwa hesabu ya tendo, kamba mmoja akitoka baharini mavuno ya mwakani hayatapungua kwa kiasi cha kuonekana, ilhali karo ni jambo la leo na la hakika. Kwa hesabu ya kanuni, swali ni ruhusa gani iwe mikononi mwa kila mpiga mbizi, na jibu ni kwamba mwenye mayai arudishwe. Lakini tusimdhulumu mtu wa tendo, kwa maana hesabu yake ikifanywa sawasawa haiishii kwenye karo. Kamba huyo amebeba maelfu mengi ya mayai, wavuvi wenzake wanatazama, naye kesho atalazimika kusema kitu atakapomkuta mwingine akifanya alivyofanya yeye; yote hayo ni matokeo, na yote huingia katika mizani. Tofauti ya kweli hubaki pale tu ambapo hayo yote yamehesabiwa na bado tendo linaonekana kuleta faida.

Mtu wa kanuni naye ana deni hapa. Ikiwa wavuvi wengine wote wameshaiacha kanuni na kamba wanakwisha hata hivyo, mmoja anayeendelea kuwarudisha wenye mayai anapoteza riziki bila kuiokoa bahari. Kanuni inayofaa ikifuatwa na wote inaweza kuwa haimfai yeyote ikifuatwa na mmoja, na kila mtetezi wa njia hii hana budi kueleza hali ya namna hiyo ataichukuliaje.

Muda na ujuzi

Hoja bora ya zamani juu ya kigezo hiki ni ya bahari. Mill aliwajibu waliosema kwamba hakuna anayepata muda wa kukokotoa manufaa kabla ya kila tendo, akawaambia kwamba mabaharia hawangoji wafike majini ndipo waanze kupiga hesabu za nyota. Huondoka bandarini na kitabu chenye hesabu zilizokwisha kupigwa. Mtu wa Lamu haihitaji kufafanuliwa hoja hii. Nahodha anayekwenda kisiwa cha Pate kwa kupitia mkondo wa Mkanda hashuki kupima kina kila safari. Anajua maji ya bamvua yatajaa saa ngapi na maji mafu yatamwacha wapi, kwa sababu waliomtangulia walikwama matopeni kabla yake na kumwachia ujuzi huo.

Pande zote mbili huudai mfano huu. Mtu wa kanuni huona ndani yake uthibitisho kwamba maisha mema huongozwa na hesabu za jumla zilizotangulia. Mtu wa tendo hukubali kuwa hesabu hizo ni msaada mkubwa, lakini huzishika kama chombo cha kazi. Nahodha akiona kwa macho yake kwamba fungu limehama na njia ya jana leo ni mchanga, hapandishi chombo mchangani kwa heshima ya wazee. Kwa mtu asiye na muda wala ujuzi, zote mbili humwambia jambo lilelile: shika desturi njema. Huachana kwa yule ambaye muda anao, ujuzi anao, na anaona wazi kwamba leo desturi imekosea.

Imani baina ya watu

Smart alitoa mfano wa mtu aliyemwahidi mwenzake anayekufa kisiwani, mahali pasipo na mwingine yeyote, kwamba dhahabu aliyoiacha ataikabidhi kwa klabu ya mbio za farasi. Aliporudi mjini Adelaide akaipa hospitali iliyohitaji sana mashine mpya ya eksirei. Hakuna aliyejua na hakuna atakayejua, na wagonjwa watapona. Smart aliona kwamba aliyefanya hivyo alifanya vyema.

Nikiusoma mfano huu kwa haki, sioni kuwa ni wa kudharauliwa, maana marehemu haumii, klabu haijui ilichokosa, na hospitali inaokoa watu. Ila najiuliza swali la mtu wa kanuni. Huku kwetu mtu anayesafiri huacha dhahabu ya mkewe kwa jirani, bila karatasi na bila shahidi, na usiku wake akalala usingizi. Usingizi huo unatokana na kujua kwamba jirani hatakaa chini kupiga hesabu ya nani angefaidika zaidi na dhahabu ile. Amana inayolindwa pale tu hesabu inapoafiki si amana tena, na jamii iliyojaa watu wema wanaopiga hesabu ya namna hiyo kimya kimya ingeipoteza faida ambayo hesabu zenyewe zinaitafuta. Mtu wa tendo atajibu kwamba ndiyo sababu mfano wake umewekwa kisiwani, mahali pa siri kamili, na siri kamili ni nadra. Jibu hilo ni zuri kadiri mtu anavyoamini kwamba anaweza kuitambua siri kamili anapokutana nayo.

Asiye na hatia

Mwaka 1957 H. J. McCloskey aliuweka mtihani ambao watu wa tendo hawajaweza kuusahau. Mkuu wa polisi wa mji mdogo anajua kwamba ghasia zitalipuka na watu wengi watakufa asipopatikana wa kulaumiwa kwa uhalifu fulani. Anaweza kumsingizia mtu mmoja asiye na hatia, akahukumiwa, na mji ukatulia. Akipima tendo peke yake, mmoja kwa wengi, inaonekana amsingizie.

Watetezi wa tendo wana majibu mawili. La kwanza ni la hesabu: uongo hufichuka, imani kwa mahakama ikivunjika hairudi upesi, mwenye hatia halisi bado yuko nje, na mkuu wa polisi anayedhani ana uhakika wa ghasia pengine anaudanganya moyo wake. Katika maisha kama tunavyoyajua, hayo hutosha karibu kila mara. La pili ni la ukweli mchungu, nalo Smart alilikubali mwaka 1973: ukiijenga hali ambayo hakuna kitakachofichuka na ghasia ni za hakika, mtu wa tendo hana budi kusema kwamba asingiziwe. Smart hakulifurahia tokeo hilo, lakini hakulikwepa, na mwandishi asiyekwepa tokeo baya la hoja yake anastahili kusikilizwa.

Upande wa kanuni umepata hapa nguvu yake kubwa, hasa kwa makala ya John Rawls ya mwaka 1955. Rawls alitaka tuache kuuliza kama adhabu hii moja ingefaa, tuulize tungekuwa na utaratibu wa namna gani. Tukubali kwa muda kwamba maofisa wamepewa mamlaka ya kumwadhibu asiye na hatia kila wanapoona inafaa. Nani atawachagua? Nani atawakagua, ikiwa kazi yenyewe inahitaji siri? Kila mtu anayesikia kwamba jirani yake amekamatwa atajuaje kama ametenda kosa au ametolewa kafara? Utaratibu huo ungeleta hofu kubwa kuliko ghasia zozote ulizokusudiwa kuzizuia, kwa hiyo kanuni bora inamkataza mkuu wa polisi, na yeye hana ruhusa ya kuifungua upya kwa sababu ya usiku mmoja mgumu.

Naliona jibu hilo kuwa zuri kama jibu kwa anayetunga sheria. Kwa aliye ndani ya selo linaacha jambo moja wazi: linamlinda kwa sababu ulinzi wake unawafaa watu kwa jumla, na halisemi kwamba ana haki kwa kuwa yeye ni mtu. Anayeona kwamba hapo pamepungua kitu hataridhishwa na njia yoyote kati ya hizi mbili, na ni vyema alijue hilo mapema.

Jambo la nadra linapotokea

Hapa ni zamu ya mtu wa kanuni kutoka jasho. Lawama ya Smart ni fupi: ikiwa kanuni tunaipenda kwa sababu ya manufaa, na leo tunaona wazi kuwa kuivunja kunafaa zaidi, basi kuishika ni kuiabudu. Mtu wa kanuni akijaribu kujiokoa kwa kuongeza vighairi, "usivunje ahadi, ila kuokoa maisha, ila na pale ambapo…", anaingia katika shimo alilolionyesha David Lyons mwaka 1965. Kanuni itakayokuwa na kila kighairi chenye faida itaamuru yaleyale ambayo mtu wa tendo huyaamuru, na njia mbili zitakuwa zimegeuka kuwa moja.

Jibu lenye nguvu zaidi ninalolijua ni la Brad Hooker wa mwaka 2000. Kwake, kanuni hupimwa pamoja na gharama ya kuifundisha. Tufikirie kizazi kipya, na kanuni inayopaswa kuingia nyoyoni mwa takriban asilimia 90 ya watu wake. Kanuni yenye vighairi mia moja haiingii katika moyo wa mtoto. Anaisahau, anaichanganya, na kila mwenye hila hujipatia humo kighairi chake. Kanuni chache, nyepesi, zenye kutaja wazi kwamba maafa makubwa yazuiwe hata kwa gharama ya kanuni nyingine, ndizo zinazofundishika. Kwa njia hiyo kanuni haidondoki kuwa tendo, wala haimlazimishi mtu kutazama maafa mikono ikiwa kifuani. Mtu wa tendo atauliza maafa yanaanzia wapi, na sijaona jibu la mkato.

Turudi gatini. Kwa kanuni tupu, mama abaki na miadi ipotee. Kwa tendo tupu, apande awe wa 16 bila jaketi, na mawimbi ya kusi yakichafuka ndiye asiye na cha kumshika. Kilichotokea ni kwamba kijana mmoja wa nyuma alisimama, akavua jaketi lililokuwa limelowa mabegani, akamvisha mama yule, akashuka kungoja boti inayofuata. Mtu wa tendo atasema huo ndio uzuri wa kupima hali iliyo mbele yako, kwa maana palikuwa na njia ya tatu ambayo mabishano ya kanuni yalikuwa yameifunika. Mtu wa kanuni atasema kijana asingesimama kama nahodha angelegea. Nimejaribu kumpa ushindi mmoja wao, na kila nikijaribu naona mwenzake amesema kweli.

Mzigo

Peter Singer aliandika mwaka 1972 kwamba tukiweza kuzuia jambo baya sana bila kupoteza kitu chenye uzito wa kulingana nalo, yatupasa tulizuie. Ukilishika hilo kwa kila tendo, karibu kila shilingi iliyobaki baada ya mahitaji ya lazima ina mwenyewe mahali fulani duniani. Njia ya tendo hudai hivyo bila haya, na baadhi ya watu huona huo ndio utukufu wake. Njia ya kanuni huuliza ni kiwango gani cha utoaji kinaweza kufundishwa na kushikwa na watu wa kawaida, na hupata wajibu wenye mpaka. Zaka ya Waislamu haikutokana na falsafa hii, lakini asilimia 2.5 yake humsaidia msomaji kuona umbo la wajibu wa aina hiyo: unajulikana, unatimizika, na zaidi ya hapo ni hiari yenye thawabu.

Walio katikati

R. M. Hare alipendekeza mwaka 1981 kwamba fikra za maadili ziwe na ngazi mbili. Katika shughuli za kila siku tushike kanuni kwa moyo wote, kana kwamba hazina mjadala. Tunapokuwa na utulivu, au kanuni mbili zinapogongana, tupande ngazi ya juu na kupima kwa mizani ya tendo. Njia hii huwavutia wengi, ila inamtaka mtu yuleyule aamini kanuni kwa dhati asubuhi na kuichunguza kama chombo jioni, jambo ambalo si kila moyo unaliweza.

Nani ashike ipi

Kwa mjumbe wa kamati ya ufuo, mwalimu mkuu, au yeyote anayeandika kanuni zitakazofuatwa na watu asiowajua, swali la upande wa kanuni ndilo litakalomsaidia, kwa sababu kazi yake yenyewe ni kuchagua kanuni. Ajiulize itafundishikaje, itavunjwa na nani, na itakuwaje wengine wakiiacha. Kuhusu boti, kwa mfano, angeweza kuandika kwamba nafasi moja ibaki wazi kwa mgonjwa hadi kamba ifunguliwe gatini.

Kwa mhudumu wa afya aliye na wagonjwa watatu na chupa moja ya dawa, au mwokoaji aliye majini, kupima tendo hakuepukiki, maana hakuna kanuni iliyoiona hali yake kwa ukamilifu. Hata hivyo, akiwa katika timu yenye utaratibu ulioandikwa, akumbuke kwamba wenzake wanafanya kazi wakitegemea kwamba ataufuata.

Mwenye mamlaka juu ya watu wasioweza kumkagua, mathalani askari, hakimu au mtunza fedha za chama, ana sababu ya kipekee ya kuegemea kanuni: hesabu za tendo anazipiga peke yake, na mara nyingi yeye mwenyewe ni mmoja wa watakaofaidika.

Mtu anayegawa mali yake mwenyewe, bila ahadi wala amana ya mtu ndani yake, anaweza kujaribu mizani ya tendo kwa uhuru mkubwa zaidi, kwa kuwa akikosea atakuwa amekosea na kilicho chake.

Mwanafunzi wa falsafa anayeandika insha asichague kwa kuanza na jina. Achukue mifano mitatu, wa McCloskey, wa kisiwani na ule wa kanuni inayofuatwa na mmoja, aandike mbele ya kila mmoja jibu ambalo hawezi kuliacha hata akibanwa, kisha aangalie ni njia ipi inayompa majibu hayo kwa gharama anayoweza kuikiri mbele ya msomaji.